Pumzi ya Gwantwa

1

Jina lilipotokea kwenye kioo cha mashine, Sista Subilaga hakulisoma kwa sauti. Alimtazama Sekela pale kitandani, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia ndani ya beseni la joto, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake.

"Nani?" Sekela akauliza.

"Pumzika kwanza."

"Sista, nimezaa, sijaugua. Nani?"

"Gwantwa. Binti Mwasaga, wa kule Kiwira."

Anyosisye, mumewe Sekela, alikuwa amesimama dirishani. Aligeuka. "Gwantwa yupi?" alisema, ingawa alijua kabisa ni yupi. Kwa miaka tisa Gwantwa alikuwa mke wake. Hawakupata mtoto, wazee wakakaa vikao, na Gwantwa akarudishwa kwa kaka yake na sanduku lake la nguo.

"Tafuteni mwingine," Sekela alisema.

"Hakuna mwingine, mama. Mashine imepita wabebaji wote wa wilaya. Wanaopatana na damu ya mtoto walikuwa watatu, na wawili wameshatumika."

"Basi nimbebe mwenyewe. Nipandikizeni sasa hivi."

Sista alitikisa kichwa. Jambo hili alilieleza kila wiki, na kila wiki lilikuwa gumu vilevile.

Homa ya ukungu ilishuka kutoka Mlima Rungwe kila msimu wa mvua, ikawachukua watoto kabla shingo zao hazijakaza. Chanjo za chupa zilishindwa, kwa sababu kijidudu chake kilibadili umbo kila mwaka, na dawa ya mwaka huu haikuwa na kazi mwakani. Ndipo watafiti wakatengeneza chanjo iliyo hai. Waliipanda kwenye mapafu ya mtu mzima aliyejitolea, ikaishi humo ikijibadilisha pamoja na ugonjwa, na mtu huyo, aliyeitwa mbebaji, akaitoa kwa kupumua. Mtoto alilazwa kifuani pake siku ileile ya kuzaliwa, kabla jua halijatua, akaivuta. Akaendelea kuivuta kila siku mpaka arobaini yake. Mbebaji aliweza kumlisha mtoto mmoja tu maishani. Chanjo ikishaisha ndani yake haikupandwa tena. Na mama mzazi hakufaa, kwa sababu damu yake na ya mtoto zimezoeana mno. Chanjo ikipandwa kwake hudhani haina kazi, ikalala.

"Ana haki ya kukataa," Sista alisema. "Nimeshampigia. Amesema anakuja."

Sekela aligeukia ukuta. Moyoni alitaka Gwantwa akatae, kisha akaogopa alichokitaka.

Gwantwa alifika kwa kigari cha waya kinachovuka bonde, mvua imemlowesha mabega. Alikuwa mrefu kuliko Sekela alivyomkumbuka. Alimpa Anyosisye mkono bila kumtazama usoni, akaja moja kwa moja kitandani.

"Hongera, mwenzangu. Pole na uchungu."

"Asante, dada."

"Wa kike?"

"Wa kike. Atuganile."

"Jina zuri."

Akaketi, akafungua vifungo vya blauzi, na Sista akamlaza mtoto kifuani pake. Tangu atoke tumboni Atuganile alikuwa akilia kwa sauti iliyopanda na kushuka kama msumeno. Gwantwa aliinamisha uso, akampumulia taratibu utosini na puani.

Mtoto akanyamaza.

Ukimya ule Sekela aliusikia mwili mzima. Alikuwa amemwimbia, amempa ziwa, amemwita jina lake, na mtoto hakunyamaza. Sasa alikuwa amefumba macho juu ya kifua cha mwanamke mwingine, kiganja kimefunguka, kana kwamba amefika.

"Watafiti waliifanya makusudi," Sista alisema, akidondosha rangi ya kupimia kwenye kisigino cha mtoto. "Mwili wa mtoto ukiwa na hofu huikataa chanjo. Kwa hiyo wameifunga pamoja na harufu ya mbebaji. Akiisikia harufu, anatulia, na akitulia chanjo inaingia. Angalieni hapa. Hili doa litakuwa la buluu kadiri kinga inavyokua. Likipauka, niiteni."

"Na hiyo harufu," Sekela aliuliza, "ataisahau lini?"

Sista alifunika chupa ya rangi. "Hasahau, mama. Labda mkitaka mkato. Siku ya arobaini, mama mzazi ana haki ya kuomba matone ya kuufuta ule mvuto. Lakini kuna watoto wachache ambao mvuto ukifutwa, kinga nayo huondoka. Hatujui kwa nini, wala hatuwezi kujua mapema ni wepi."

Gwantwa aliendelea kupumua. Hakuinua uso.

2

Kwa sheria ya chanjo, mbebaji alikaa nyumbani kwa mtoto. Gwantwa alipewa chumba cha uani, na asubuhi ya kwanza Sekela aliposikia vyombo vikigongana jikoni, alijikokota kwenda kuangalia.

Gwantwa alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Hakuuliza chumvi iko wapi. Hakuuliza kisu kipi kinakata. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango bila kutazama, akautundika ungo, kwa sababu msumari wa pale aliupigilia yeye mwenyewe zamani.

"Rudi ukalale, mdogo wangu. Mzazi hasimami jikoni."

"Ungo wangu ulikuwa juu ya kabati."

"Juu ya kabati unaingia moshi."

Mchana walikula ndizi za maziwa. Anyosisye alikula kimya, akaongeza, akaongeza tena, na mwisho akasema bila kufikiri, "Leo chumvi imekaa."

Anyosisye alikitazama kijiko chake kama kitu kilichomsaliti.

"Siku nyingine haikai?" Sekela aliuliza.

"Sikusema hivyo, mama Atu."

"Umesema leo."

"Mwache mwenzio ale," Gwantwa alisema. "Huyu hata ukimpa jiwe lenye mchuzi atasifu. Mimi alinisifu miaka tisa, na bado nikafungashiwa."

Sekela alicheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

Hayo yote angeyavumilia. Angevumilia ungo, angevumilia chumvi, hata namna jirani yao Tumpe alivyopita mlangoni kila siku akiuliza, "Hamjambo mama zake wawili?" na kuondoka akiguna kwa raha. Asichoweza kuvumilia kilikuwa kunyonyesha. Atuganile alinyonya kwa Sekela vizuri, kwa nguvu. Lakini akishiba, kabla hata maziwa hayajakauka mdomoni, alianza kugeuza kichwa chake kidogo kile, akitafuta kwa pua. Alitafuta upande wa mlango, upande wa uani, na asipopata alilia. Sekela alimtembeza, akamtikisa, akamwimbia, mpaka Gwantwa alipojitokeza mlangoni akifuta mikono.

"Nimpokee?"

Na kila mara Sekela alilazimika kusema, "Mpokee."

3

Siku moja Gwantwa alikwenda kisimani akaacha kanga yake kwenye kamba. Ilikuwa kanga kuukuu ya zambarau, aliyojifunga kifuani kila alipomlaza mtoto. Atuganile alikuwa akilia. Sekela aliitazama ile kanga, akatazama njia. Kisha akaishusha, akajifunga.

Mtoto akanyamaza.

Si hivyo tu. Alimtazama. Aliinua macho yale ambayo bado hayajajua kushika kitu, akayaweka usoni pa Sekela, akasogeza pua kwenye kanga na kuhema kwa utulivu. Sekela alikaa chini pale pale uani. Machozi yalimtoka, na alipocheka mtoto aliendelea kumtazama.

Tangu hapo alianza kufanya hivyo kila siku. Alichukua kipande cha sabuni ya mbarika ambayo Gwantwa alijipikia mwenyewe, akakiogea. Akaichukua kanga ya zambarau, na ilipoanza kupoteza harufu akachukua ya kijani. Gwantwa akija kumpokea mtoto, Sekela alimwambia kwa sauti ya chini, "Amelala, dada. Tusimwamshe." Na kweli alikuwa amelala, amelala fofofo, kifuani pa mama yake.

"Na pumzi ya leo je?" Gwantwa aliuliza mara ya kwanza.

"Si ulimshika asubuhi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kinatosha. Mwone alivyotulia."

Anyosisye alifurahi. "Naona sasa mmezoeana, wewe na binti yako," alisema, na Sekela akalipokea neno lile kama zawadi, ingawa lilikuwa limefungwa ndani ya kanga ya mtu.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Doa la kisigino, ambalo lilikuwa limefika buluu ya wino, lilianza kuonekana la kijivu. Alilitazama juani, akalitazama kivulini. Alijiambia ni mwanga. Kisha akamvisha mtoto soksi za sufu.

Gwantwa hakuwa mjinga. "Kanga zangu zinatembea," alisema jioni moja, amesimama na kanga ya kijani mkononi. Aliinusa. "Na zinarudi na maziwa."

"Nimeazima tu."

"Kanga ungeniomba ningekupa. Mtoto je? Mbona tangu juzi sijamshika?"

"Anatulia kwangu. Ndiyo inakuuma?"

"Nakuuliza juu ya chanjo, wewe unanijibu juu ya kutulia."

"Najua unachotaka!" Sekela alisimama. "Umekosa wako, unataka wa kwangu. Umekuja kujifanya mama kwa kupumua! Mimba ingekuwa inaingia kwa pumzi, si ungeshazaa zamani?"

Maneno yale yalipotoka, Sekela alitamani kuyarudisha, lakini hakuwa na pa kuyashika. Gwantwa aliikunja kanga ya kijani, pindo kwa pindo, kama mtu mwenye muda wa kutosha. Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na sanduku lake, lile lile.

"Ile ya zambarau baki nayo," alisema. "Inaonekana inamfaa."

4

Ukungu uliwahi mwaka ule. Ulishuka asubuhi, mweupe na mzito, ukajaza bonde mpaka nguzo za kigari cha waya zikaonekana kuelea. King'ora cha kata kililia, watu wakashusha vyandarua vya hewa madirishani. Sista Subilaga alipita nyumba hadi nyumba kuwakagua wachanga, na alipofika kwa Anyosisye alivua soksi ya Atuganile kabla hata hajaketi.

Doa lilikuwa limepauka. Lilifanana na alama ya kikombe juu ya meza.

"Gwantwa yuko wapi?"

Mtoto alikuwa amelala juu ya Sekela, pua ndani ya kanga ya zambarau. Sista aliitazama kanga, akaelewa.

"Mama Atu," alisema polepole. "Harufu inafungua mlango tu. Inayoingia ni pumzi. Wewe umekuwa ukifungua mlango kila siku, na hakuna aliyeingia."

Sekela akakishika kile kisigino. "Kinga imekwisha?"

"Bado kidogo imo. Akirudishwa leo kwa mbebaji, inaweza kuinuka. Akikaa mpaka ukungu huu uondoke..." Hakumaliza. "Na mbebaji halazimishwi. Akikataa, sina la kumfanya."

Anyosisye alikuwa ameshachukua koti. "Naenda kumleta."

"Wewe usiende," Sekela alisema.

"Sekela, mtoto..."

"Ukienda wewe, atadhani umemfuata yeye. Na mimi nitakaa hapa nikidhani hivyo hivyo." Alikuwa tayari anamfunga mtoto kifuani. "Mimi ndiye niliyemtoa."

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini!"

"Basi waite wazee mkae kikao. Mkimaliza mtanikuta nimerudi."

Sista aliwafunika mama na mtoto kwa chandarua cha safari, akahakikisha kila pindo, akamfungulia mlango.

5

Gwantwa alikuwa akimenya magimbi kwenye ukumbi wa kaka yake. Aliona umbo jeupe likipanda njia, limefunikwa kama mzuka, akasimama na kisu. Alipotambua ni nani, aliketi tena na kuendelea kumenya.

"Karibu," alisema.

"Dada." Sekela alimsogelea. Alivua soksi ya mtoto na kunyoosha kile kisigino nje ya chandarua.

Gwantwa alikiona. Kisu kikasimama.

"Nilifikiri umeninyima mimi tu," alisema. "Kumbe umemnyima na yeye."

"Sikujua."

"Hukutaka kujua. Soksi za sufu mtoto mchanga anavaa lini ndani ya nyumba yenye jiko?"

Mtoto alikuwa ameanza kuhangaika. Pua yake ilikuwa imekipata kile ambacho kanga ilikuwa inakiigiza. Alilia, akanyoosha shingo yake laini kuelekea ukumbini.

"Nilikuonea wivu," Sekela alisema. "Bado nakuonea. Sikuja kukudanganya kwamba wivu umeisha. Ukimchukua sasa hivi akinyamaza, nitaumia. Lakini mchukue."

"Na siku ya arobaini utaomba mkato."

"Nakuahidi sitaom..."

"Usiniahidi." Gwantwa aliweka kisu kando. "Sheria naijua. Unaweza kuahidi leo na kukata siku ile, na nani atakuuliza? Mimi hapa nina chanjo ya mtoto mmoja. Ningeweza kungoja mtoto mwingine, ambaye mama yake hajakaa kwenye jiko langu. Siku ile Sista aliponipigia, kaka yangu aliniuliza kama nina akili timamu."

"Kwa nini ulikuja?"

Gwantwa alinawa mikono kwenye beseni, akaifuta kidole kwa kidole.

"Mimi simtaki aniite mama. Sitaki hata kumbeba sana. Nataka siku moja nikiwa napita njiani, nikiwa mzee, awe anacheza na wenzake, ageuke. Basi. Hata asijue kwa nini amegeuka. Watu wengine wanageukiwa kila siku mpaka wanachoka. Mimi nilitaka mmoja."

Akanyoosha mikono. "Ingia ndani, huku kuna ukungu. Mlete."

Atuganile alinyamaza, na Sekela akaumia kama alivyosema ataumia. Aliketi kwenye kigoda mbele yao, akaangalia mgongo mdogo ukipanda na kushuka chini ya kidevu cha Gwantwa. Hakutazama pembeni. Mvua ilipoanza kugonga bati, doa lilikuwa bado jeupe. Ilipokoma, kingo zake zilikuwa zimeanza kugeuka buluu.

6

Siku ya arobaini nyumba ilijaa shangazi na sufuria. Mtoto alinyolewa. Doa la kisigino lilikuwa limekoza kama wino uliomwagika, na Sista Subilaga alilipiga picha kwa furaha.

"Kinga imekomaa," alitangaza. Kisha akamvuta Sekela kando na kumtia chupa ndogo mkononi. "Matone ya mkato. Ni haki yako, lazima nikupe. Mawili puani, leo kabla jua halijatua. Hatari nilishakueleza. Ni wachache sana wanaopoteza."

"Wachache sana," Sekela alirudia.

Shangazi mmoja, ambaye alikuwa kwenye kile kikao cha zamani, alimnong'oneza, "Mtie matone, mwanangu. Mwanamke yule ataingilia mlango huu mpaka lini?"

Gwantwa, aliyekuwa amerudi kukaa chumba cha uani tangu siku ya ukungu, hakungoja chakula. Alikuwa amekwisha kutoka na sanduku lake, bila kuaga watu wengi, ili asiwepo matone yakitiwa. Alikuwa amepumua pumzi yake ya mwisho yenye kazi asubuhi ile. Sasa alikuwa mtu wa kawaida, anapumua kama watu wote.

Sekela alisimama mlangoni na mtoto begani. Chupa ilikuwa ndani ya kiganja chake, imepata joto. Alifikiri: wachache sana. Alifikiri juu ya maisha bila kichwa kile kugeuka kutafuta mlango, mtoto wake akiwa wake peke yake, mzima mzima. Alikitaka hicho kitu kwa nguvu iliyomtisha. Kisha akafikiri juu ya mtoto mmoja katika wale wachache, na mama yake amesimama mlangoni hivi hivi siku ya ukungu, akijua kwa nini.

Alifungua chupa, akaimimina kwenye mfereji wa maji ya mvua. Shangazi alishika mdomo.

"Dada Gwantwa!"

Kule chini njiani, Gwantwa alisimama bila kugeuka.

"Umesahau kanga yako ya zambarau!"

"Nilikuachia!"

"Siitaki! Inamdanganya mtoto!" Sauti ya Sekela ilikwaruza. "Njoo Jumamosi uichukue. Nitakuwa nimeifua. Na uje na chumvi yako, Baba Atu ananung'unika."

Gwantwa aligeuka. Upepo uliokuwa ukipanda kutoka bondeni ulimpita yeye kwanza, kisha ukafika mlangoni. Begani, Atuganile alinusa, akainua kichwa chake kipya kilichonyolewa, akaanza kukizungusha kuelekea njiani.

Sekela alimwona alivyogeuka. Wivu ukamchoma palepale ulipomchoma siku ya kwanza. Akapeleka kiganja nyuma ya shingo ya mtoto, akaishikilia vizuri, ili ageuke bila kuumia.